Uzi: Kuchora sura ya mtu aliyeketi mbele yako, na mwanga wa nyumba zetu za Lamu

Mwanafunzi wa Langoni

Assalamu alaikum ndugu zangu. Ninaandika kutoka Langoni, Lamu, nikiwa na jambo ambalo limenisumbua kwa majuma kadhaa. Kwa miaka 3 nimekuwa nikichora sura za watu kwa penseli nikitazama picha za simu, na watu wa nyumbani huzitambua bila kuambiwa ni za nani. Mwezi uliopita nilimwomba ami yangu, mzee wa miaka 70, aketi barazani nimchore ana kwa ana. Alinikalia saa nzima kwa subira. Nilichokipata kilikuwa uso wa mtu mwingine: macho yamepanda karibu na ukingo wa kofia, pua imerefuka, na shavu moja limekuwa pana kuliko jingine. Ami aliitazama ile karatasi kwa muda, kisha akaniambia, "Yuko njiani, lakini hajafika."

Ninaomba wenye ujuzi wanieleze ni kwa nini mkono unaoweza kuchora kutoka kwenye picha unashindwa mbele ya mtu mwenyewe, na ni wapi pa kuanzia upya. Baadaye ningependa kuingia kwenye rangi, ila sitaki kuruka hatua.

Mchoraji wa Mkomani

Wa alaikum salaam ndugu yangu. Kosa ulilolieleza humpata karibu kila anayeanza kumketisha mtu, na sababu zake zinajulikana, kwa hiyo usilihesabu kuwa ni upungufu wa kipaji.

Simu ilikufanyia kazi kubwa kabla hujashika penseli. Iliubapisha uso, kwa kuwa huona kwa jicho moja la kioo ilhali wewe una macho mawili yanayokuonyesha kina. Ikamzuia mtu asitikisike. Ikakuchagulia mpaka wa picha. Zaidi ya hayo, picha nyingi za sura hupigwa kwa umbali wa urefu wa mkono, na kwa umbali huo pua, iliyo karibu na kioo, hutoka kubwa kuliko ilivyo, huku masikio yakirudi nyuma na kudogoka. Miaka yako 3 imekupa mkono unaotii, na hilo si jambo dogo. Jicho ndilo lililobaki nyuma, kwa sababu halijapata kuulizwa swali ambalo simu haijakwisha kulijibu.

Nianze na macho yaliyopanda. Mstari wa macho hukaa takriban katikati ya kichwa, ukipima kutoka utosini hadi kidevuni. Anayeanza huyapandisha kwa sababu akili yake inaipenda sura, yaani macho, pua na mdomo, na inaliona paji la uso na utosi kuwa ni mahali patupu pasipo na kazi. Basi anapapunguzia nafasi bila kujijua. Kwa ami yako kuna tatizo la pili, nalo ni kofia. Kofia imeuficha utosi, na wewe ukauhesabu ukingo wake kuwa ndio mwanzo wa kichwa. Safari ijayo kitafute kichwa kilicho ndani ya kofia: chora kwanza umbo la yai, uligawe, kisha ulivishe kofia juu yake. Kofia iliyochorwa kabla ya kichwa huelea, na kila aliyewahi kuvaa kofia ataliona kosa hilo hata kama hajui kuchora.

Vipimo vingine utavikuta vinasaidia. Kati ya jicho na jicho huwa na nafasi ya jicho moja, na upana wa kichwa kikitazamwa kwa mbele hukaribia macho 5. Sikio huanza karibu na usawa wa nyusi na kuishia karibu na chini ya pua. Lakini vipimo hivi ni vya uso wa kawaida, na hakuna mtu mwenye uso wa kawaida. Faida yake ni kukuonyesha mahali ambapo mtu aliye mbele yako anatofautiana navyo, kwa kuwa kufanana kunakaa katika tofauti hizo. Ikiwa macho ya ami yamekaribiana kuliko jicho moja, hapo ndipo alipo ami.

Sasa kupima kwenyewe. Nyosha mkono mpaka kiwiko kikaze, funga jicho moja, simamisha penseli, na kwa kidole gumba weka alama ya umbali kutoka kwenye kidevu hadi kwenye mstari wa macho. Bila kuukunja mkono, linganisha umbali huo na mwingine. Ukilegeza kiwiko hata kidogo kipimo kinabadilika, nawe utakuwa umejidanganya kwa uangalifu mkubwa. Jicho moja hufungwa ili kuondoa kina, yaani unafanya kwa hiari yako kile ambacho simu ilikufanyia bila kukuuliza.

Halafu mpe mkaaji wako haki yake. Mtu hawezi kukaa saa nzima bila kusogea, na shavu lako pana lilitokea pale shingo ya mzee ilipochoka akageuka kidogo, nawe ukaendelea kumchora mtu wa pili juu ya mtu wa kwanza. Mkalishe dakika 20, kisha apumzike dakika 5, anyooshe miguu, anywe kahawa. Kabla hajainuka, zungushia chaki miguu ya kiti na nyayo zake, na mpe kitu kimoja cha kutazama, kama vile msumari wa mlango, ili akirudi arudi mahali palepale. Kabla ya mkao mrefu, fanyeni michoro 10 ya dakika 2 kila mmoja, usiihifadhi hata mmoja, utafute tu jinsi kichwa kinavyokaa juu ya shingo na jinsi shingo inavyoshika mabega. Wengi huipita hatua hii, na ndiyo maana picha zao zinafanana na kichwa kilichowekwa juu ya meza.

Fundi wa milango

Niongeze kidogo kutoka upande wa ubao. Sisi tunaochonga milango hatuliamini jicho mpaka timazi imesema. Funga uzi kwenye kitu kizito, uuinue mbele ya macho yako umtazame mtu kupitia huo uzi. Utaona ukiteremka kutoka kwenye kona ya jicho unagusa wapi kwenye mdomo, na chini zaidi unagusa wapi kwenye ukosi wa kanzu. Mtu mzima hasimami wala haketi wima kama mlango. Huinama upande mmoja, na mwinamo huo timazi huutoa mara moja. Mimi si mchoraji, lakini ninamfahamu mjukuu wangu anayechora, na jambo hili lilimsaidia.

Mwanafunzi wa Langoni

Mwenyezi Mungu awalipe. Nimeelewa sasa kwamba nilichora wazee wawili katika karatasi moja. Swali langu la pili ni la mwanga. Nilimketisha ami barazani saa nne asubuhi, na kadiri jua lilivyopanda kivuli cha pua kilihama, nami nikawa nakifuata. Nilipomhamishia ndani, uso ukawa mweupe pande zote kwa kuta za chokaa, nisione kivuli chochote cha kunishika mkono. Vitabu vinasema mchoraji atafute dirisha linaloelekea kaskazini. Je, ushauri huo ni sahihi kwetu?

Mchoraji wa Mkomani

Umeuliza swali ninalolipenda kuliko yote.

Ushauri wa dirisha la kaskazini uliandikwa Ulaya, na kule una maana. Katika nchi zile jua hupita upande wa kusini mwaka mzima, kwa hiyo dirisha la kaskazini halipati miale yake ya moja kwa moja kwa sehemu kubwa ya siku. Hupata mwanga wa anga tu, ulio mtulivu na usiohamahama. Mchoraji anaweza kufanya kazi kutwa na kivuli cha pua kikabaki pale kilipokuwa. Sisi Lamu tuko kwenye digrii 2 na kidogo kusini mwa ikweta. Jua letu hupita juu ya vichwa vyetu mara 2 kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba. Kati ya tarehe hizo hukaa upande mmoja wa anga: kuanzia Machi huelekea kaskazini, hata mwezi Juni adhuhuri likawa karibu digrii 26 kutoka utosini upande huo, na kuanzia Oktoba huelekea kusini, hata Desemba likawa karibu digrii 21 upande wa pili. Anayefungua dirisha la kaskazini hapa mwezi Juni huku akikifuata kitabu atamkuta mkaaji wake amekunja uso kwa jua.

Kanuni yetu, basi, inafuata pepo. Kaskazi ikivuma, tumia dirisha la kaskazini, kwa kuwa jua liko kusini. Kusi ikivuma, tumia dirisha la kusini, kwa kuwa jua liko kaskazini. Kuijua kaskazini hakumpi taabu mtu wa Lamu, maana kibla chetu kinaelekea karibu kaskazini moja kwa moja. Ugumu ni kwamba upepo nao huingia kwa dirisha hilohilo, kwa hiyo karatasi ishikwe kwa vibanio na ubao uegemezwe kwenye kitu kizito.

Kama nyumba yenu ni ya zamani na ina kiwanda, yaani ule ua wa ndani usioezekwa, huhitaji hata dirisha. Mketishe mzee kwenye msana, yaani ule ukumbi mwembamba unaopakana na kiwanda, chini ya dari, hatua 2 au 3 kutoka ukingo wa kiwanda, akiwa ameukabili kwa ubavu. Mwanga utamjia kutoka juu na upande mmoja, utashuka kwenye paji, utakaa juu ya mfupa wa shavu, na upande wa pili wa uso utaingia kivulini taratibu. Waliojenga nyumba hizi walitafuta ubaridi na sitara, nasi tukarithi mwanga ambao wachoraji wa kwingine huujengea vyumba maalumu. Saa nzuri kwangu ni kuanzia saa tatu hadi saa tano asubuhi. Baada ya alasiri mwanga hugeuka wa dhahabu haraka, na rangi uliyoichanganya saa kumi haitakuwa kweli saa kumi na moja.

Kuhusu kuta za chokaa, uliyoyaona ni sahihi. Ukuta mweupe huurudisha mwanga ndani ya kivuli na kukifuta. Dawa yake ni kitambaa cheusi. Tundika buibui la zamani au shuka nyeusi upande wa kivuli, karibu na mkaaji lakini nje ya mpaka wa picha, na utashangaa jinsi taya itakavyojitokeza. Ukiona kivuli kimezidi ugumu, kisogeze kitambaa mbali kidogo kidogo. Nami hukaa hivyo robo saa nzima nikisogeza kitambaa tu, kabla ya kuchora mstari wowote, na siioni robo saa hiyo kuwa imepotea.

Jambo la mwisho kuhusu nyumba. Vyumba vyetu ni vyembamba, kwa kuwa upana wake umefungwa na urefu wa boriti za mikoko, ambazo kwa kawaida hazivuki mita 3. Usikae ukivuka upana wa chumba, magoti yako yakikaribia ya mkaaji, maana kwa umbali huo utarudia kosa la simu la kukuza pua. Kaeni kwa urefu wa chumba, mita 2 au 3 kati yenu, na kila baada ya dakika chache simama, rudi nyuma, ufinye macho mpaka vitu vidogo vipotee yabaki mabaka makubwa ya mwanga na kiza. Mabaka hayo yakikaa mahali pake, mtu atatambulikana hata bila kope.

Dada wa Malindi

Nimeufuata uzi huu kwa makini, na kwa kuwa ndugu yetu amegusia rangi, naomba nichangie hapo, maana ninaona vijana wengi hapa Malindi wanaharibu picha nzuri katika hatua hiyo.

Kosa kubwa ni kuifanya ngozi yetu kwa kahawia kutoka kwenye chupa, kisha kuitia nyeusi kwa ajili ya kivuli na nyeupe kwa ajili ya mwanga. Matokeo yake ni ngozi ya majivu. Ngozi nyeusi ina joto ndani ya kivuli chake. Tazama pembeni mwa pua, ndani ya sikio, chini ya mdomo, utaona wekundu na uzambarau. Na pale mwanga unapong'aa, kwenye paji na juu ya shavu, ngozi inaakisi rangi ya kile kinachoimulika. Ikiwa mwanga ni wa anga, kama huo wa kiwandani alioueleza mchoraji wa Mkomani, mng'ao huwa wa kibuluu au kijivu baridi. Ukiutia nyeupe tupu au umanjano, umeuongopea mwanga, na uso utaonekana kana kwamba umepakwa unga.

Mimi hufanya kazi kwa rangi 5 tu: nyeupe ya titani, manjano ya udongo, nyekundu moja, siena iliyochomwa, yaani kahawia yenye wekundu, na buluu ya ultramarini. Nyeusi siitii kabisa, kwa sababu ultramarini na siena zikichanganywa hutoa kiza kirefu ambacho unaweza kukivuta upande wa joto au upande wa baridi kwa kuzidisha moja. Mchoraji Anders Zorn wa Sweden anajulikana kwa kutumia rangi 4 tu katika sura nyingi, nazo ni nyeupe, manjano ya udongo, nyekundu na nyeusi, kwa hiyo uchache wa rangi usikutie hofu. Ukitaka kuona ngozi ya kahawia iliyochorwa kwa heshima yote, tafuta kwenye intaneti picha ya Juan de Pareja aliyoichora Mhispania Diego Velázquez mjini Roma mwaka 1650. Na ukitaka wa karibu zaidi, tazama sura za Fayum huko Misri, zilizochorwa katika karne za kwanza baada ya Kristo, nyingi kwa nta iliyotiwa rangi juu ya mbao. Watu wale wanatutazama hadi leo, na mwanga wao umetoka upande mmoja kama unavyofundishwa hapa.

Ukisha kuchanganya rangi, ichukue kwenye ncha ya kisu, unyoshe mkono uilinganishe na shavu la mkaaji kwa jicho moja. Utajua papo hapo kama imezidi wekundu au imepungukiwa na giza. Njia hii ni ya polepole na mwanzoni inachosha, lakini ndiyo iliyonitoa kwenye ngozi za majivu.

Kuhusu aina ya rangi, akriliki hukauka upesi mno kwa upepo wetu wa pwani, na ikikauka huwa nyeusi kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi. Unapoichanganya, itandaze juu ya kitambaa kilicholowa maji ili isikauke mapema. Rangi ya mafuta hukupa siku kadhaa za kusahihisha, ila weka tabaka zenye mafuta machache chini na zenye mafuta mengi juu, la sivyo itapasuka. Tafadhali pia, matambara yaliyolowa mafuta ya kitani usiyarundike pembeni, kwa sababu hujipasha joto yenyewe na yanaweza kuwaka. Yatandaze yakauke nje, au uyatie kwenye maji ndani ya kopo lenye kifuniko.

Mgeni katika uzi

Naomba radhi kwa kuuliza jambo lililo pembeni kidogo. Katika mtaa wetu wako wazee wasiopenda kabisa sura ya kiumbe ichorwe, kwa sababu za dini. Mnafanyaje?

Dada wa Malindi

Swali lako haliko pembeni, kwa kuwa bila mkaaji hakuna kazi. Hukumu ya dini ni ya mtu na masheikh wake, wala si yangu kuitoa hapa. Ninachoweza kusema ni adabu ninayoishika. Simchori mtu asiyekubali, hata akiwa mbali barazani hanioni. Anayekubali ninamwuliza mambo mawili kabla ya kuanza: kama picha inaweza kuonyeshwa kwa watu, na kama inaweza kuwekwa mtandaoni, maana wako wanaokubali la kwanza na kukataa la pili. Wanawake ninawachora nyumbani kwao, katika mavazi waliyoyachagua wao, na wengine picha hubaki kwao siku hiyohiyo. Nikikosa mkaaji ninachora mikono ya mama akisuka mkeka, au ninajichora mwenyewe kwa kioo, kama mchoraji Rembrandt wa Uholanzi alivyofanya kwa makumi ya miaka. Kioo hakichoki na hakiombi ruhusa.

Mwanafunzi wa Langoni

Nimerudi baada ya majuma 5 kuwapa habari. Nilijichora kwa kioo kila asubuhi kwa majuma 3, nikipima kwa kiwiko kilichokazwa na uzi wa timazi niliopewa na jirani. Kisha nikamwomba ami tena. Safari hii nilimketisha kwenye msana wa nyumba ya bibi, ubavu wake kwa kiwanda, buibui jeusi la zamani likining'inia upande wa pili, na chaki kuzunguka miguu ya kiti. Tulikaa mara 6 za dakika 20, kwa siku 2. Michoro ile mifupi niliifanya yote 10, na katika wa nane nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona katika miaka yote niliyoishi naye: kichwa chake kinainama kulia siku zote, kwa sababu sikio lake la kushoto halisikii vizuri, naye hulitanguliza lile linalosikia. Katika picha zote za simu nilizonazo amenyooka, kwa kuwa mpigaji humwambia anyooke.

Macho sasa yako mahali pake. Kofia imekaa juu ya kichwa. Mdomo bado umenishinda. Kila nikiurekebisha anaonekana amekasirika, ilhali yeye ni mtu mpole.

Nilipomwonyesha alikaa kimya, halafu akaita bibi aje atazame. Bibi alisema neno moja tu, "Anasikiliza."

Mchoraji wa Mkomani

Hongera, ndugu yangu. Kuhusu mdomo, acha kuchora mstari kati ya midomo kwa ukali uleule mwanzo hadi mwisho. Utazame kwa macho yaliyofinywa: utauona mzito katikati na penye kona, na mahali pengine karibu unapotea. Kona ndizo zinazobeba hasira au upole, na kwa mzee mara nyingi kona huingia kivulini kuliko kushuka chini. Ukikichora kivuli kile kama mstari unaoteremka, umemkasirisha. Kifute kwa kipande cha ndani cha mkate mlaini, kama walivyofanya wachoraji wa zamani kabla ya raba, na ukiweke upya kama baka. Mwombe akukalie mara moja zaidi, na umwache azungumze dakika chache kabla ya kuanza ili mdomo utulie wenyewe. Ukimaliza utuletee picha hapa, ikiwa ami ameridhia.